Matanga ya Swaumu Yataanuliwa Kituo cha Tiba

Wasikilizaji wapendwa, Ijumaa imetukutanisha tena. Mimi ni Cecilia Mughwai. Kama unapepeta alizeti, acha kidogo. Kama uko dukani na mteja anakusumbua, mwombe naye asikilize. Leo sina muziki wa kufungulia kipindi, na wala sijautafuta.

Mmenizoea. Kila Ijumaa naanza na taarifa za Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu, kile kilichojengwa barabara ya kuelekea ziwani, kisha ndipo tunamkumbuka marehemu wetu wa wiki. Wiki hii siwezi kuvitenganisha. Taarifa za kituo na msiba ninaousimulia ni kitu kimoja.

Kituo kinasema hivi. Wodi mpya ya watoto imeshaezekwa na itafunguliwa mwezi ujao. Wanafunzi wa uuguzi watakula kiapo mwisho wa mwezi, na wazazi wanakaribishwa. Madaktari bingwa wa moyo kutoka nje ya nchi wanafika Jumapili. Jumatatu asubuhi wanaanza upasuaji. Watakaa wiki moja tu, kisha wanaondoka mpaka mwakani. Na kesho, Jumamosi, ni siku ya kuchangia damu hapo hapo kituoni. Narudia, kwa sababu najua redio nyingine betri zake zimechoka: kesho Jumamosi ni damu. Jumatatu ni upasuaji.

Katika wodi ya kituo hicho amelala mtoto anayeitwa Nasma Sultani, mwenyeji wa Mkiwa. Mlango mmoja wa moyo wake haufungi. Yuko tayari kwa Jumatatu, ila damu yake haijapatikana. Aliyekuwa akiitafuta ni mama yake. Mama yake ndiye marehemu wetu wa leo.

Jina lake ni Swaumu Othmani. Kama umewahi kupita Mkiwa ukiwa ndani ya basi, umemwona. Huenda hukumjua jina, lakini umemwona. Ni yule mama mrefu wa khanga mbili aliyekuwa akiinua kuku dirishani kabla basi halijasimama vizuri, na kukwambia, "Huyu nimemlea mwenyewe, mchukue kwa heshima." Ukimwomba apunguze bei, anakuuliza kama na mama mkwe wako umemnunua kwa kupunguziwa. Basi zima linacheka. Unalipa.

Swaumu alizaliwa hapa Singida mjini. Baba yake, Mzee Othmani Mansuri, alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Wazee wake Mzee Othmani walitoka pwani, wakafuata reli, wakabaki. Mama yake Swaumu alikuwa Mnyaturu wa Mgori. Kwa hiyo mtoto alikua na ndimi mbili mdomoni, na baadaye akaongeza Kinyiramba kwa kubishana na wauza kuku wa Nduguti. Mzee Othmani aliniambia jana, "Huyu binti duka lilimshinda kwa sababu dukani unamsubiri mteja. Yeye hakuweza kusubiri."

Akaolewa na Sultani, fundi baiskeli wa Mkiwa. Ilikuwa ile miaka ambayo mambo ya biashara yalianza kufunguliwa. Mabasi ya watu binafsi yakaanza kupita, leo moja, kesho matatu. Watu wengi waliyatazama yakipita na vumbi lake. Swaumu aliyatazama akaona vinywa vya watu wenye njaa na watu wanaorudi mjini mikono mitupu. Akasuka tenga, akajaza kuku, akasimama njiani. Shoga yake Sikudhani, ambaye walikuwa wakiuza pamoja, anasema siku ya kwanza kuku mmoja alimponyoka akaingia ndani ya basi, na Swaumu akamfuata mpaka kiti cha nyuma. Alitoka ameuza kuku watatu. Sikudhani aliponisimulia hilo alicheka, kisha akafunika uso kwa mtandio.

Nasma ni kitinda mimba wao. Alikuwa mtoto wa mbio. Akaugua koo, likapona. Likauma tena, likapona. Nani anampeleka mtoto hospitali kwa ajili ya koo, wasikilizaji? Unampa maji ya chumvi, unamfunga kitambaa. Baadaye viungo vikavimba, halafu pumzi ikaanza kukata. Nasma akawa akitumwa kisimani anakaa chini njiani. Walimu wakamwita mvivu. Mama yake naye alimwita mvivu, na hilo neno, anasema Sikudhani, lilimtafuna Swaumu mpaka mwisho.

Kituo cha Tiba kilipofunguliwa, Daktari Calist alimpima akamwambia mama ukweli. Yale maradhi ya koo yameshuka moyoni, yameharibu mlango wake. Dawa zitausaidia, hazitautengeneza. Wapo mabingwa wanaokuja mara moja kwa mwaka, wanaweza kuutengeneza. Lakini hawafungui kifua cha mtoto kama damu haipo kwenye friji. Na friji ya damu haijazwi na serikali wala na chuo. Inajazwa na watu. Ndugu waje, majirani waje, mtu yeyote mwenye afya aje.

Swaumu alirudi Mkiwa anacheka. Alisema, "Kumbe ni watu tu? Watu ninao." Alidhani jambo limekwisha.

Mwaka jana, kabla ya mabingwa kufika, kituo kilipeleka gari lake la damu Mkiwa. Swaumu alikuwa ametangaza kila mahali. Na watu walikuja, tusiwanyime haki yao. Walijipanga nje ya zahanati. Unaingia, unapimwa. Ukifaa, unatoa damu, unatoka, unapewa soda, unakaa kwenye benchi barazani ukiinywa taratibu ili kichwa kisizunguke. Usipofaa, unaambiwa asante, unakwenda zako.

Sasa sikilizeni watu wetu tulivyo. Watu wakatazama benchi. Anayekunywa soda, mzima. Aliyetoka bila soda, ana UKIMWI. Hakuna aliyewafundisha. Walijifundisha wenyewe palepale kwenye foleni, kwa macho tu, bila mtu kufungua mdomo.

Nimemuuliza Daktari Calist, na nitayasema polepole. Mtu anaweza kukataliwa kwa sababu amemeza dawa za malaria. Anaweza kukataliwa kwa sababu damu yake ni nyepesi, au kilo zake hazitoshi, au ananyonyesha. Sababu ni nyingi. Kukataliwa si hukumu. Lakini Mkiwa ilishahukumu.

Kijana mmoja, Isaka, mfyatua matofali, mwenye mabega kama mlango, alitoka bila soda. Alikuwa ametoka kuugua malaria. Basi tu. Alikuwa amechumbia, na ng'ombe walikwishapelekwa. Haikupita wiki mbili, ng'ombe wakarudishwa. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Waliingizwa zizini kwa kina Isaka asubuhi, aliyewaleta akaaga kwa adabu, akaondoka. Msichana siku hizi ameolewa Itigi.

Baada ya Isaka, nani angekwenda tena? Wale waliokuwa foleni siku ile walikuwa wameshaanza kuondoka mmoja mmoja. Mwingine alikumbuka mbuzi, mwingine akakumbuka mgeni nyumbani. Damu iliyopatikana haikutosha. Swaumu alitoa, Sultani akatoa, wachache wakatoa. Nasma alikuwa ameshalazwa, ameshaogeshwa kwa dawa, ameshinda njaa tayari kwa kupasuliwa. Mabingwa wakatazama friji, wakampasua mtoto mwingine ambaye ndugu zake walifika. Wiki ikaisha. Wakapanda ndege.

Swaumu akamrudisha mwanawe Mkiwa. Sikudhani anasema siku hiyo hakuuza kuku. Alikaa kwenye tenga, mgongo kwa barabara, mabasi yakapita.

Lakini hakukaa sana. Daktari Calist alikuwa amemwambia jambo jingine. "Mama, tunaweza kusubiri mwaka huu mmoja. Mwingine baada ya huo, sidhani." Tafsiri yake unaijua. Swaumu naye aliijua.

Mwaka mzima, wasikilizaji wapendwa, huyu mama aliomba damu. Aliomba kwenye minada, kisimani, kwenye harusi. Watu walimpenda, na ndiyo maana inauma. Mzee mmoja mnadani alimwambia, "Mama Nasma, kuku nitakupa. Mbuzi nitakupa. Damu hapana." Na alimpa mbuzi kweli. Akabaki mama wa watu ameshika kamba ya mbuzi, na mbuzi hawezi kumtibu mtoto.

Kisha alikwenda kwa Isaka. Isaka mwenyewe amenisimulia, na ameniruhusu nimtaje. "Alikuja kwetu akakaa chini. Mimi nilikuwa nachanganya udongo, sikumkaribisha. Nilikuwa na hasira naye, maana yeye ndiye aliyenipeleka kwenye ile foleni. Hakuniomba msamaha wala hakuniomba damu. Akaanza kunisogezea maji. Siku ya pili akaja tena. Siku ya tatu nikamwambia, shikamoo Mama Nasma, nitakwenda kupima upya." Akapima. Mzima. Lakini ng'ombe wakisharudishwa wamerudishwa.

Swaumu akakaa na wauguzi akawaambia wasilete tena soda za barazani. Alisema atapika supu ya kuku yeye mwenyewe. Kila anayeingia anakunywa supu ndani, atoe damu asitoe, kisha anatokea mlango wa nyuma. Wauguzi walisitasita, maana kazi yao ina taratibu zake. Lakini nani alishindana na Swaumu akashinda? Wakakubali. Ndiyo maana kesho uchangiaji unafanyika kituoni, kwenye chumba chenye milango miwili. Huo ni mpango wake.

Na watu wakaanza kukubali. Mkiwa wachache. Mgori, kwa wajomba zake, wengi zaidi. Jumatatu iliyopita alikwenda Mgori kuwathibitisha. Walikaa naye, wakala, wakaahidi. Jumanne akapanda pikapu kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye korongo pikapu ikateleza ikalala ubavu. Abiria wengine walitoka na michubuko na mkono uliovunjika. Swaumu alikuwa amekaa upande ule pikapu ilikolalia. Hakufika hospitali.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mimi ni Mkristo, lakini maneno haya nimeyasema mara nyingi wiki hii na sioni mengine yanayotosha.

Jumatano alizikwa Mkiwa. Jana Alhamisi nilikwenda kuhani. Nataka niwaelezeni nilichokiona.

Uwanja ulikuwa umejaa. Watu wa Mkiwa, watu wa Mgori, watu wa mjini. Wanawake kwenye mikeka, wanaume chini ya turubai. Kuku walioletwa kama rambirambi walikuwa wengi, wakinizunguka miguuni. Watu wazima, wenye afya, wenye mishipa mikononi unaiona. Nikamuuliza mama mmoja, "Kesho kutwa utakwenda kituoni?" Akanishangaa. "Dada, tuko msibani. Matanga hayajaanuliwa. Nitamwachaje marehemu?" Nikamuuliza mwanamume mmoja, ambaye najua alikuwa ameahidi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba jambo hili la damu lina mkosi. Mwaka jana lilimharibu Isaka, mwaka huu limemchukua Swaumu.

Matanga yanaanuliwa kesho Jumamosi. Mnaona? Siku ileile. Wote waliokuwa watoe damu wamekaa msibani kwa heshima ya mama, na mtoto wa mama huyo huyo anakosa damu. Nilihisi hasira, wasikilizaji, na sikujua nimkasirikie nani. Wale watu hawakufanya kosa. Walikuwa wamekuja kulia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi aliyeujua tumemfukia.

Ndipo Mzee Othmani akasimama. Ni mzee, anashika fimbo. Dua ilikuwa imekwisha. Akasema, "Mmekuja kwa ajili ya mwanangu, nawashukuru. Lakini mwanangu hayuko hapa. Kilichobaki cha mwanangu kimelala kitandani kule mjini. Matanga tutayaanulia huko."

Shehe mmoja, mtu wa heshima, akasema kwa upole, "Mzee wangu, hilo halijawahi kufanyika."

Mzee Othmani akamjibu, "Na mimi sikuwahi kuzika mtoto."

Akakaa. Watu walianza kunong'onezana. Isaka alisimama akaenda kukaa karibu na mzee. Sikudhani naye akaenda. Wengine walitazama mikeka. Nilipoondoka, waliokuwa wamesimama upande wa mzee hawakutosha. Sitawadanganya ili kipindi kipendeze. Hawakutosha.

Hivyo ndivyo ilivyo, na ndiyo maana nazungumza nanyi. Familia ya Mzee Othmani Mansuri imeniomba nitangaze rasmi: matanga ya Swaumu Othmani yataanuliwa kesho Jumamosi asubuhi, Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu, Singida mjini. Dua itasomwa kwenye uwanja wa kituo, upande wa mbali na wodi. Mfanyabiashara mmoja wa alizeti ametoa lori lake, litaondoka Mkiwa baada ya alfajiri. Watu wa Mgori, na ninyi mmepata gari. Wajomba wa Swaumu, mliahidi mkiwa mmekaa naye kwenye sahani moja. Supu itapikwa na Sikudhani. Mlango wa kuingilia ni wa mbele, wa kutokea ni wa nyuma, na hakuna mtu atakayekaa barazani kuhesabu watu. Atakayekaa, nitamtaja hapa redioni kwa jina lake na la baba yake.

Familia inasema rambirambi za mchele na kuku zimetosha. Mwenye kutaka kuwapa pole, aje na mkono wake.

Kundi lolote la damu linapokelewa. Kama yako haimfai Nasma, itamfaa mwingine, na kituo kitatoa inayomfaa kutoka kwenye friji. Mwenye umri wa kutosha, mwenye afya, ambaye hajameza dawa siku za karibuni, aje. Hata kama huna hakika, uje upimwe. Hapa kwetu wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anakuja Jumapili. Lakini mgeni huyu hawezi kumponya mwenyeji ambaye wenyeji wenzake wamemkalia mbali.

Sasa kuna jambo la mwisho, na nimeliacha kwa sababu sikujua niliseme vipi.

Nasma hajui. Daktari Calist amesema moyo ule hauwezi kubeba habari hii kabla ya upasuaji. Wauguzi wameizima redio ya wodi saa hii, nimewapigia simu kuhakikisha kabla sijaanza. Baba yake, Sultani, alimzika mke wake Jumatano mchana, na jioni alikuwa ameketi kitandani kwa binti yake akimmenyea chungwa. Nilimuuliza anapata wapi nguvu. Akasema, "Sina nguvu, dada. Ananiuliza mama yuko wapi, namwambia bado anatafuta watu. Ananiuliza, amewapata? Namwambia wanakuja."

Kisha akaniambia, "Dada Cecilia, mimi si mwongo. Sijawahi kuwa. Nisaidie wasinifanye mwongo kwa mtoto."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii nampa pole Sultani, Mzee Othmani, Sikudhani, na ukoo wote wa Mkiwa, Mgori na hapa mjini. Mungu amlaze Swaumu mahali pema. Na mimi na wewe tujiulize leo, si kesho jioni: hivi kumheshimu mtu aliyekufa ni kukaa alipokuwa, au ni kwenda alikokuwa akienda?

Dirisha la wodi ya Nasma linatazama njia ya kwenda chumba cha damu. Anakaa hapo mchana kutwa, anatazama wanaopita. Ni mtoto mdadisi, ana mdomo kama wa mama yake. Ukipita kesho atakuita. Atakuuliza umetoka wapi na nani amekutuma.

Usilie mbele yake. Mwambie umetumwa na mama yake.